Maziwa Baada ya Kupiga Dawa

Nimefundisha wanawake twahara tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kila Jumamosi hukaa mkekani upande wa akina mama katika msikiti wetu mdogo, nikiwaeleza maji yapi yanafaa kutawadhia na yapi hayafai, na kwamba rangi ya kucha ikizuia maji yasifike kwenye ukucha, udhu haujatimia. Nimewahi kumrudisha bibi harusi akanawe upya kwa sababu ya unga wa ngano uliomkaukia kidoleni. Nayataja haya mapema ili anayesoma ajue ni mtu wa aina gani aliyekaa siku ile kichwani pa mtoto wake akimsomea, huku nguo za mtoto zimelowa sumu. Ni mimi.

Namwita mtoto wangu, ingawa alizaliwa na mdogo wangu, Mungu amrehemu. Kwetu Uluguru ukoo hupita kwa mama, na mtoto wa dada au mdogo wako wa kike ni wako, hakuna anayekuuliza. Naye huniita mama mkubwa. Sasa ni mtu mzima, mama wa watoto watatu, mwenye mgongo mpana na hasira za karibu. Kwa sababu ya mgongo ule, akina mama wa kikundi chetu walimchagua kuwa mpiga dawa.

Kitalu nyumba chetu, au grinihausi kama kila mtu anavyosema, kimesimama chini ya mlima, kwenye kipande cha ardhi ya ukoo wetu ambacho mimi ndiye mkubwa wa kukisemea. Mradi mmoja ulikuja na mabomba ya chuma, nailoni na wavu, ukajenga, ukatukabidhi. Tulikuwa wanawake kumi na wawili. Tulilima nyanya, tukapeleka Morogoro Mjini, na msimu ukiwa mzuri mnunuzi alifika mwenyewe na gari lake. Nilishukuru sana, na bado nashukuru. Wanawake waliokuwa wanapanda na kushuka mlima na matenga kichwani walipata kazi ya kufanya wakiwa wamesimama mahali pamoja. Sitaki mtu adhani nadharau riziki.

Siku ya makabidhiano mwanangu alivalishwa ovaroli jeupe, buti za mpira, glavu ndefu za kijani, miwani mikubwa na barakoa yenye vikombe viwili mashavuni. Alipigwa picha akiwa na bomba la dawa mgongoni, bomba lenyewe halina kitu. Akina mama walipiga vigelegele. Wageni wa mradi walipoondoka, mwenyekiti wetu akaanza kukunja kila kitu na kukirudisha kwenye sanduku.

Mwenyekiti ni jirani yangu, tumekua pamoja, huniita dada. Si mtu mbaya. Nalisema hili ili niwe mwadilifu, si kwa sababu linanipunguzia hasira.

"Mbona unaviondoa?" mwanangu akamuuliza. "Kesho nitaingia na nini?"

"Kesho utajifunga kanga. Hivi ni vya wageni. Wakirudi wakakuta buti zina matope, watasema tumepewa tukashindwa kutunza."

"Sasa mimi na wageni, nani anapiga dawa?"

Mwanamke mmoja akadakia, "Unataka kumpendezea nani humo ndani, mwenzetu? Inzi?"

Tukacheka wote. Mimi pia nilicheka. Nina kabatini vikombe sita vyenye maua ya dhahabu ambavyo watu wa nyumbani kwangu hawajawahi kunywea chai. Nilimwelewa mwenyekiti bila kuelezwa. Sanduku likaenda kwake, likawekwa ndani ya kabati la sebuleni, chini ya sahani za Idi, na juu ya kabati akatandika kitambaa alichofuma mwenyewe.

Badala ya sanduku, tulikuwa na maziwa.

Sijui nani alianza. Mume wa huyu alifanya kazi kiwandani, kaka wa yule alipaka rangi majumba, na wote walipewa maziwa jioni "kusafisha kifua". Nasi tukafuata. Kila mwanangu alipotoka kupiga dawa, alikuta pakiti ya maziwa kwenye kigoda mlangoni. Kikundi kile kilisahau mengi. Kilisahau kununua sabuni, kilisahau kuziba tundu kwenye wavu. Maziwa hakikusahau hata siku moja, nami nilimsifu mwenyekiti mbele ya watu kwa jinsi anavyowajali wenzake.

Lile tundu lilikuwa nyuma, upande wa mlima, mahali mbuzi wa jirani alipojikuna. Paka angeweza kupita. Sote tulilijua, kila mmoja akawa anasubiri mwenzake. Nina sindano na uzi nyumbani, nashona kanzu za watoto wa madrasa, na nililipita tundu lile msimu mzima.

Kantangaze akaingia. Mwenye shamba la nyanya anamjua; asiyemjua, ni kipepeo mdogo wa rangi ya majivu, humuoni mpaka ameshakuharibia. Mtoto wake huchimba ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, jani likabaki na madoa meupe kama limeunguzwa na maji ya moto. Halafu huingia kwenye tunda karibu na kikonyo. Unachuma nyanya nzuri nyekundu, unaigeuza, unakuta kitobo kama cha pini.

Tukapiga dawa. Hakufa. Tukabadilisha dawa, akapungua wiki moja, akarudi. Mwenyekiti akaenda kwa muuzaji mmoja anayepima dawa kutoka chombo kikubwa, akaleta chupa ya soda ya machungwa imejaa kimiminika cha rangi ya chai. Haikuwa na karatasi yoyote ya maelezo. Akaambiwa achanganye na ile ya zamani ili iwe kali. Kwa hiyo bombani zikaenda mbili, na wiki iliyofuata tatu. Mwanangu alipima kwa kizibo cha chupa, akakoroga kwa fimbo, na mara moja nilimuona akilipuliza tundu la bomba kwa mdomo wake lilipoziba. Nikamkemea, nikimwambia hilo si jambo la mtu safi. Nilimkemea kwa ajili ya uchafu. La sumu halikunijia akilini.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Mnunuzi alikuwa anakuja Jumamosi. Tulikuwa tumetoka kuswali adhuhuri, jua limesimama juu ya nailoni, na ndani ya kitalu mlikuwa na joto la kumtoa mtu jasho akiwa ameketi. Mwenyekiti akasema dawa ipigwe sasa hivi, tena mapazia ya pembeni yateremshwe yote ili wadudu wasipate pa kukimbilia.

Mwanangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, bomba miguuni. "Jua hili, mwenyekiti? Na juzi nilitapika."

"Ulikunywa maziwa?"

"Nilikunywa."

"Yote?"

"Yote."

"Basi. Ungetapika zaidi."

Wenzake wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akanigeukia. Naikumbuka sura ile kuliko kitu kingine chochote cha mwaka ule. Alikuwa anasubiri neno langu. Ardhi ni yangu kuisemea, yeye ni mtoto wangu, na ningesema "hapana" hakuna ambaye angenibishia.

Nikamwambia, "Nenda mama. Sema bismillah."

Akasema bismillah, akajifunga kanga puani, akaingia. Tukateremsha mapazia.

Hakumaliza mistari yote. Tulisikia bomba likigonga chuma. Alipotolewa alikuwa anatembea kama mlevi, jasho linamtiririka, mate yanamtoka asiweze kuyameza. Bomba lilikuwa linavuja, na mgongo wake wote, kuanzia mabegani hadi kiunoni, ulikuwa umelowa ile rangi ya chai. Tukamlaza mkekani, kivulini.

Sasa sikilizeni tulichofanya, wanawake wazima kumi na mmoja. Mwenyekiti alimwinua kichwa akammiminia maziwa mdomoni. Akayatapika. Akamiminiwa mengine. Mmoja akasema ni njaa. Mwingine akasema ana mimba na amewaficha. Wa tatu akasema mambo haya ya kutetemeka si ya kawaida, kuna kitu kimempanda, na akina mama wakanitazama mimi, mwalimu wao.

Nikaketi kichwani pake. Nikaweka kiganja kwenye paji la uso wake, na kiganja changu chenyewe kikalowa, nikakipangusa kwenye nguo yangu nikaendelea. Nilisoma Ayatul Kursi mara saba. Nilisoma zile sura fupi za mwisho. Mikono yake ilikuwa inarukaruka peke yake. Nilimfumbua jicho nikaona mboni imekuwa nukta, kama kichwa cha sindano, na hapo ndipo nilipoogopa nikasema aitwe mwenye bajaji.

Sijutii kusoma. Maneno ya Mwenyezi Mungu hayajutiwi. Lakini nguo zile zilikuwa mwilini mwake muda wote niliosoma, na nilimpandisha nazo kwenye bajaji, na njia nzima nilimkumbatia nazo.

Kituo cha afya kilikuwa na muuguzi mmoja wa kike zamu ile, umri wa wajukuu wangu wakubwa. Alinusa tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Ana nguo hizi tangu saa ngapi?"

"Tangu baada ya adhuhuri."

Alikwisha kushika mkasi, anazikata. Alikuwa amevaa glavu. Kanga, blauzi, sketi, vyote vikaingia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ukafungwa na kupelekwa nje. Akachukua ndoo na sabuni, akamwosha mgongo, kwapa, nyuma ya masikio, akamfungua nywele zilizosukwa akaziosha mpaka ngozini, akamwosha kati ya vidole na chini ya kucha. Nilisimama nikitazama. Hakuacha hata sehemu ndogo. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuosha mwili vizuri namna ile.

"Dawa gani alipiga?" akauliza. "Chupa iko wapi?"

Mwenyekiti alikuwa amekuja nayo. Akatoa ile chupa ya soda ya machungwa. Muuguzi akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akatafuta maandishi yasiyokuwepo.

"Nitamwambia nini daktari? Kwamba kanywa soda?"

"Tulimpa maziwa," mwenyekiti akajitetea.

"Maziwa yanamsaidia ndama, mama. Hii imeingia kwa ngozi na kwa pua. Na kumnywesha mtu asiyejitambua vizuri, mngemkaba." Kisha akaniona tasbihi mkononi, akateremsha sauti. "Bibi, dua ni nzuri. Ila mngeanza na maji."

Mimi. Mimi ndiye niliyeambiwa hivyo. Kuanza na maji ndilo somo langu la kwanza kila mwaka, kabla mwanamke hajafungua msahafu, na msichana yule alikuwa ananifundisha bila kujua anamfundisha nani. Nikamwambia, "Kweli, mwanangu." Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona haya maishani.

Walimchoma sindano, gari likaja likampeleka hospitali mjini, na kule akachomwa nyingine nyingi. Alilazwa siku tatu. Alhamdulillah, aliishi. Siandiki neno lile kwa mazoea.

Ijumaa mwenyekiti alikuja kumwona mgonjwa. Alibeba pakiti mbili za maziwa.

Nilikuwa nimeketi pembeni ya kitanda. Nilizitazama pakiti zile, na mimi mtu ninayesifiwa kwa subira, nilitaka kuzitupa dirishani. Akasema kwa upole kwamba kosa lilikuwa kunywa baada, mtoto angekunywa kabla. Akasema wengine wana damu nyepesi. Halafu akaniambia, kama jambo dogo, kwamba kesho wanavuna mapema kabla mnunuzi hajafika, na nisijali, kazi ya mwanangu wataigawana.

"Mnavuna nini?" nikamuuliza.

"Nyanya, dada."

"Zilizopigwa jana?"

"Zitapanguswa."

Nilimwomba mdogo wangu mwingine akae na mgonjwa, nikarudi kijijini, na Jumamosi baada ya swala ya alfajiri nilikuwa nimeweka kigoda mlangoni pa kitalu, kile kile cha maziwa. Niliketi juu yake. Wakaja na matenga.

"Dada, tupishe," mwenyekiti akasema.

"Niambie siku za kusubiri. Dawa ile, mtu anasubiri siku ngapi kabla ya kuingia? Siku ngapi kabla ya kula?"

"Muuzaji hakusema."

"Basi hata wewe hujui. Muuguzi juzi hakujua, daktari alikisia. Mtoto wangu amelala hajui jina la kilichomlaza. Na wewe unataka kukipeleka kwenye sahani ya mtoto wa mwenzio."

"Mnunuzi yuko njiani. Atatuacha."

"Atuache."

"Hiki kitalu ni cha kikundi."

"Kitalu ni cha kikundi. Ardhi ni ya mama yangu. Mng'oe nailoni yenu muende nayo, sitawazuia."

Nilisema kwa sauti ya chini, na mikono ilikuwa inanitetemeka, kwa hasira yangu ama kwa kile kilicholowesha kiganja changu Alhamisi, sijui. Yule aliyefanya mzaha wa inzi akaweka tenga lake chini. Mnunuzi alifika, akageuza gari. Baadhi yao hawakunisalimu mpaka mwezi ulipoandama.

Tulipitisha muda mrefu, mapazia yamepandishwa, hakuna anayeingia. Baadaye tuling'oa mimea yote, tukaichimbia shimo mbali na kijito, tukafukia. Nikaleta sindano kubwa na uzi wa nailoni, nikashona lile tundu. Kazi ile ilinichukua muda mfupi kuliko kupika ubwabwa. Nilishona huku machozi yakinitoka, si ya huzuni, ya hasira, kwa sababu ningeweza kuifanya siku mbuzi alipojikuna.

Mwanangu alirudi kitaluni baada ya miezi miwili. Mikono yake haikuwa imetulia. Hakuweza kuingiza uzi kwenye tundu la sindano, na hawezi mpaka leo. Wenzake wakamwambia apumzike nyumbani. Akasema nyumbani hakuna nyanya. Alitembea kitalu kizima, akarudi na maneno yake.

"Kuwe na mlango wa pili. Ufunge wa kwanza ndipo ufungue wa pili, kipepeo yule asiingie na mtu. Wenye kutoka kwenye nyanya zao za nje wasije humu na kanga hizo hizo. Jani lenye doa litoke asubuhi hiyo hiyo, kwenye mfuko. Nataka na ile mitego ya njano, na ule wa beseni la maji wenye harufu ya jike, madume yafuate yazame. Dawa nitapiga nikiona kwenye mtego kwamba inahitajika, ya chupa yenye karatasi yake, jua likishapoa, mapazia juu."

"Haya," mwenyekiti akasema. "Yote sawa."

"Na sanduku."

Mwenyekiti akajifanya anarekebisha kanga yake.

"Sanduku liko kwako, mwenyekiti."

"Mwezi ujao wageni wanakuja, mwanangu. Wakishaondoka nitakupa."

"Basi wageni waje na mabomba yao, wapige dawa wao."

Hakuna aliyecheka mara hii. Nikainuka, nikamshika mwenyekiti mkono kama tulivyoshikana tukiwa wasichana, nikamwambia twende. Tuliingia sebuleni kwake sote wawili. Aliondoa kitambaa, akatoa sahani za Idi moja moja, akazipanga mezani. Sanduku lilikuwa chini kabisa. Glavu zilikuwa zimeganda pamoja kwa joto, zikatoa sauti tulipozibandua. Miwani ilikuwa bado na kikaratasi cha dukani. Mwenyekiti aliketi kwenye mkeka wake, glavu ziko magotini. Kisha akasema, "Zilikuwepo hapa siku zote, dada." Sikumfariji. Naye hakustahili faraja zaidi yangu.

Watu huniambia nisamehe, niyaache, mtoto amepona. Nimesamehe, kwa kadiri ninavyojua nafsi yangu. Lakini katika sijda zangu sijaomba hasira hii iondoke yote. Ikiondoka yote, nitaona haya kumwambia mtu "hapana" tena, nitamwambia aseme bismillah aende.

Wageni walikuja. Walimkuta mwanangu akitoka kitaluni, ovaroli limekuwa rangi ya udongo, lina doa la kijani kifuani, buti zina matope mpaka juu. Mpiga picha akauliza kama hakuna ovaroli lililo safi zaidi.

"Ndilo hili," mwanangu akasema, akaenda bombani kunawa, kwanza glavu zikiwa mkononi, kisha mikono.

Mwenyekiti alitazama chini muda wote ule. Alikuwa ameleta pakiti ya maziwa, labda kwa mazoea tu, akamnyooshea mwanangu alipomaliza kunawa.

Mwanangu akaipokea, akaigeuza, akaisoma maandishi yake yote kama anavyosoma siku hizi kila chupa. Kisha akamrudishia.

"Tia kwenye chai ya wageni," akasema.